Shahidi Aliyeishia Mlangoni

Alinanuswe alikuwa na habari mbili za kumpelekea mumewe siku ile, moja ya karatasi na moja ya moyo, naye alikwisha kuamua kwamba ya karatasi itangulie. Ya moyo angeisema dakika za mwisho, karibu na kuagana, ili amwone Amoni akitabasamu kisha aondoke na tabasamu hilo kabla halijapoa. Alikuwa amengoja miaka mitatu. Dakika ishirini zaidi hazikumtisha.

"Nisomee tena, dada," alimwambia wakili.

Wakili Zakia Sadalla hakupenda kurudia kitu, lakini alirudia. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa la baba yake, katikati ya Tukuyu, na mvua ilipiga bati hata ikambidi asome kwa sauti ya mwalimu.

"'Wakili wa utetezi: Mheshimiwa, shahidi wetu wa pili hayupo. Tunafunga utetezi.' Ukurasa wa arobaini na moja. Baada ya hapo inafuata hukumu."

"Nilikuwepo."

"Wapi hasa?"

"Mlangoni."

"Ndani ya mlango au nje?"

"Mguu mmoja ndani."

"Upi?"

Alinanuswe alifikiri. "Wa kulia."

Zakia akaandika. Tangu Amoni afungwe, watu wengi walikuwa wamempa Alinanuswe pole, wengine kwa machozi, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza ni mguu upi. Ndiyo maana alimwamini mwanamke huyu mkavu, mwenye ushungi wa kijivu na miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye hakumpa pole hata mara moja.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia. Mchana mmoja, saa tisa, watu wawili waliovaa helmeti walimvamia wakala wa fedha za simu karibu na kijiji cha Masoko, wakamkata panga mkononi na kuondoka na fedha. Jina la wakala huyo lilikuwa Felista. Hakuona sura, bali aliona namba ya pikipiki, na pikipiki ilikuwa ya Amoni. Amoni akapata kifungo cha miaka thelathini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Lakini saa tisa ya siku ile Amoni alikuwa Kinyala, juu ya paa la mama yake Alinanuswe, akipigilia bati, na aliyekuwa akimpa misumari ni Alinanuswe.

"Sasa niambie kwa nini mguu wa kushoto haukuingia," alisema Zakia.

"Unajua kwa nini."

"Mimi najua. Majaji wa Mbeya huletwa kutoka kila mkoa. Niambie kama unamwambia mtu wa Mtwara."

Basi akaeleza. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hamsemeshi, halitaji jina lake. Akimwona njiani hujifunika uso na kuingia migombani mpaka mzee apite. Wenyewe huita ukutila. Vijana wengi wa mjini wameuacha mwiko huo, lakini katika mji wa mzee Lukasi, kule Masoko, haukuachwa hata siku moja. Miezi minane ya ndoa kabla Amoni hajakamatwa, na miaka mitatu baada ya hapo, Alinanuswe aliishi umbali wa migomba sita na mzee huyo, na alichokijua kwake ni mgongo na kikohozi. Siku ya ushahidi alifika mahakamani, akaitwa, akapiga hatua, na kwenye benchi la kwanza kando ya mlango alikuwa ameketi baba mkwe.

"Siku nyingine za kesi alikuwa akija?"

"Hata moja. Alikuwa anakuja mama mkwe. Yeye alisema miguu inamuuma."

"Na nani alimweka Prosper, wakili aliyemtetea mumeo?"

"Baba mkwe."

"Taja jina. Kiapo hakimjui baba mkwe."

Alinanuswe alisema, taratibu, kama mtu anayekanyaga daraja la mti asilojua uimara wake, "Lukasi."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuanguka. Jana yake, saa nne asubuhi, kaka yake Ezron alikuwa amewarudisha Masoko ng'ombe wawili wa mahari na kuwafunga kwenye mgomba mbele ya mji wa mzee. Ng'ombe wakirudi, ukwe umekwisha. Kuanzia hapo Alinanuswe angeweza kuingia mahakama yoyote, akae yeyote kwenye benchi lolote.

Mama mkwe, Veronika, alikuwa ametoka nje na kuwatazama ng'ombe kabla ya kumtazama yeye.

"Umekaa miaka mitatu ndipo uondoke leo? Bora ungeondoka siku ya kwanza, tukaokoa unga."

"Mama, naondoka ili nikamtetee Amoni."

"Mwanamke anayerudisha ng'ombe mume akiwa kifungoni, huyo kuna mahali anapashiwa maji. Ndaga, asante, nenda. Lakini usiseme unamwendea mwanangu."

Alinanuswe aliondoka na jibu lake, nalo ndilo habari ya moyo. Mama yake na Ezron walikuwa wamekubali kwamba Amoni akitoka aje Kinyala, ng'ombe hao hao wawili aje nao, aoe upya. Arusi ya pili, ya watu waliojuana. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amelala akiipanga: mchele, maziwa ya mgando, na yeye akiwa na kitenge ambacho hajakivaa tangu siku ya mahakama.

"Nikukumbushe," alisema Zakia, akikusanya karatasi. "Kisheria ndoa yenu ipo palepale. Ng'ombe hawavunji ndoa, mahakama ndiyo inavunja. Na kisheria, hata siku ile ungeweza kuingia."

"Basi sheria haijawahi kuolewa Masoko."

Zakia alitaka kucheka, akaahirisha. "Jambo jingine. Mumeo aliandika mwenyewe sababu za rufaa kabla sijaingia. Ziko saba. Kuna taa ya dukani, kuna gwaride la utambuzi, kuna panga ambalo halikuletwa mahakamani. Hakuna hata moja inayokutaja wewe."

"Pengine alisahau."

"Mtu anayekumbuka taa ya dukani hasahau mke."

* * *

Mara tatu mfululizo Alinanuswe alikuwa ameenda gerezani siku ya wageni akaambiwa kwamba mfungwa amekataa kutoka. Leo alitoka kwa sababu aliitwa na wakili. Alipoona ni nani ameketi kando ya wakili, alisimama katikati ya chumba, na askari aliyemleta akamgusa bega ili aendelee.

Kati yao palikuwa na meza ndefu na wavu mpaka usawa wa kifua. Amoni alikuwa amenyolewa kipara, na sare ya rangi ya chungwa ilimkaa kama imeazimwa. Mikono ndiyo iliyokuwa ileile, mipana, kidole gumba cha kushoto kikiwa na kovu la nyundo. Kovu hilo lilipatikana siku ileile, saa ileile, juu ya bati la Kinyala. Alinanuswe alilitazama kwa sababu uso hakuuweza.

"Hujambo, Alina," alisema Amoni.

"Sijambo. Umekondeana."

"Humu hakuna anayenenepa ila afande."

"Nimesikia," alisema askari kutoka mlangoni. "Dakika thelathini, wakili."

Zakia alivaa miwani. "Bwana Amoni, Jumatatu rufaa yako inasikilizwa Mbeya. Nataka kuongeza sababu ya nane: kwamba wakili aliyekutetea hakufanya kazi yake, na kwa hiyo hukusikilizwa. Wakili Prosper nimemwandikia, atakuwa na nafasi ya kujibu, kwa hiyo kila neno utakalosema lazima liwe kweli. Ulimwambia kwamba saa tisa ulikuwa Kinyala na mkeo?"

"Nilimwambia."

"Alimhoji mkeo kabla ya siku ya ushahidi?"

"Alisema hana haja, ataongea naye siku hiyohiyo."

"Siku hiyo mkeo alifika?"

Amoni aligeuka akatazama mlango.

"Alifika au hakufika?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

"Alifika. Nilimwona."

Alinanuswe aliinua uso. Kwa miaka mitatu alikuwa amebeba kitu kimoja tu cha kujifariji, kwamba Amoni hakujua, kwamba alikuwa amempa mlango mgongo. "Uliniona?"

"Kitenge cha kijani chenye maua meupe. Karani aliita jina lako nikageuka. Ukasimama mlangoni, ukatazama ndani, ukajifunika uso ukaondoka." Aliongea bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi ukutani. "Nilikuwa kizimbani na mke wangu ananionea haya."

"Sikukuonea haya wewe."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Alikuwepo baba yako, Amoni. Kwenye benchi la kwanza."

Alinanuswe alimwona Amoni akirudi kwa mawazo mle mahakamani, akiyatafuta mabenchi moja moja, akimpata mzee, akimtazama mahali alipokaa. Mzigo wa mwiko ule hubebwa na mwanamke. Mwanamume huishi chini yake kama anavyoishi chini ya paa, na hakuna mtu anayehesabu boriti za nyumba aliyozaliwa.

"Alikuja kunitia moyo," alisema.

"Siku hiyo moja?"

Amoni akasema kwa ukali uliokuja umechelewa, "Hata kama. Ilikuwa mahakama, Alina, si kisimani. Ilikuwa miaka thelathini. Ungefumba macho ukaingia."

"Mwezi wa pili wa ndoa nilikutana naye kwenye kona ya kisima, nikachelewa kujificha. Hukula chakula changu siku sita. Ulisema nikirudia nitarudi Kinyala kitanda changu nikiwa nimejitwika kichwani."

"Nilikuwa nakufundisha."

"Nilifundishika."

Zakia aligeuza ukurasa. Yeye pia alikuwa amezaliwa Tukuyu na alijua mwiko huo tangu akiwa shule, alipowaona wanawake wakitoka barabarani na mizigo yao ya ndizi kuwapisha wazee. Lakini wakili Prosper alikuwa ametoka mbali na hakuuliza. "Alinanuswe, mwambie kwa nini unadhani alikuja siku ile. Mwambie ulichoona tu, usimwambie unachodhani."

Alinanuswe alivuta pumzi. "Asubuhi ile, sisi kabla hatujaondoka kwenda Kinyala, wewe ulikuwa umekwisha kutangulia barabarani kutafuta lori la kubeba bati. Ackson alikuja kuomba ufunguo wa pikipiki. Alisema anaenda Matwebe kuangalia shamba. Nikampa."

"Ackson gani?"

"Una ndugu wangapi wanaoitwa Ackson?"

Amoni alimtazama kama anamtazama mtu anayezungumza lugha ya kigeni. "Ackson alinitembelea mwezi uliopita. Aliniletea sabuni. Mafuta ya kupaka pia."

"Huwa anakuja na sabuni," alisema askari mlangoni, kwa wema, akidhani anasaidia.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Amoni. "Nilidhani pikipiki iliibwa uani. Ulikuja mahabusu mara ngapi? Ulikuwa unaniletea habari za kuku."

"Nilimwambia mama. Akasema nisikuambie mbele ya askari, utawaka na utaharibu kesi. Akasema yeye atamwambia baba, na baba atamwambia wakili."

"Na baba akamwambia wakili?"

"Baba akaja kukaa."

Nje mvua ilikuwa imezidi, na harufu ya udongo na nguo mbichi za wafungwa iliingia dirishani. Amoni aliweka mikono yote miwili mezani, akaitazama. Alinanuswe alitamani kupitisha kidole chini ya wavu, palipokuwa na nafasi ya kutosha kidole, aliguse lile kovu. Aliona kwamba saa ya kusema habari ya moyo imekaribia. Amoni alikwisha kujua kwamba hakumwonea haya. Kilichobaki ni kumwambia kwamba anamngoja.

"Swali la tisa," alisema Zakia. "Mkeo alipogeuka, wakili wako alifanya nini?"

Amoni hakuinua kichwa. "Andika kama ilivyo kwenye kitabu. Alifunga utetezi."

"Kabla ya kufunga. Mwenendo wa kesi unaonyesha hakimu alitoa dakika kumi."

"Alinifuata kizimbani."

"Akasema nini?"

"Tuliache hilo."

"Haliachiki. Prosper atalisema Jumatatu. Afadhali litoke kwako."

Amoni alisugua paji la uso. Alipoanza kusema, alimwambia Zakia, si Alinanuswe. "Alisema, mkeo amekataa kutoa ushahidi. Akasema tunaweza kuomba mahakama impelekee wito, aletwe na askari, kesi iahirishwe wiki mbili. Akaniuliza kama nataka hivyo."

"Ukajibu nini?"

"Nilikuwa na hasira."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema simtaki."

Kalamu ya Zakia ilisimama. Alinanuswe aliisikia ikisimama.

"Ulitumia maneno hayo?"

"Nilisema simtaki, si hapa mahakamani wala nyumbani. Funga."

Askari alitazama viatu vyake. Alinanuswe aliketi wima, na kichwani mwake akahesabu, kwa sababu kuhesabu kulikuwa rahisi kuliko kitu kingine. Dakika zile kumi alikuwa nyuma ya mahakama, kando ya tangi la maji, amechuchumaa na kitenge kimemfunika mpaka kichwani, akingoja mzee atoke nje kujisaidia ili yeye aingie. Aliamini wazee hawakai muda mrefu. Alingoja mpaka akasikia gari la mahabusu likiwaka. Kumbe muda wote ule, upande wa pili wa ukuta uleule, alikuwa amekwisha kukataliwa.

"Basi imekwisha," Amoni alimwambia Zakia. "Sivyo? Mimi mwenyewe ndiye niliyefunga."

"Usinihukumie kesi yangu." Zakia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani alimwambia Prosper kwamba mkeo amekataa?"

"Baba. Niliwaona wakinong'ona."

"Prosper alitoka nje kumuuliza mkeo?"

"Hakutoka."

"Una hakika?"

"Alitoka benchini kwa baba, akaja kwangu. Hakwenda mlangoni."

"Kutoka benchi lile mpaka mlangoni ni hatua tatu. Nilikwenda juzi kupima." Sasa aliandika haraka. "Aliyemlipa ndiye aliyemsikiliza, na mteja wake akaamua juu ya jambo la uongo. Uamuzi wa namna hiyo si uamuzi. Sikuahidi kuachiwa. Wanaweza kukataa, wanaweza kuagiza kesi isikilizwe upya, wanaweza kumsikiliza Alinanuswe siku hiyohiyo. Lakini sababu ya nane ipo, na ni nzuri kuliko zako saba."

Amoni aliinua uso. Kwa mara ya kwanza palikuwa na kitu machoni mwake, na kitu hicho kilimgeukia Alinanuswe moja kwa moja.

"Neno lile," alisema. "Lile nililosema. Liondoe, wakili. Sema tu nilikubali afunge."

"Sitaliondoa. Nikiliacha nje, Prosper ataliingiza, na kiapo chako kitakuwa cha mwongo."

"Litasomwa mbele ya watu."

"Litasomwa."

"Alina, mwambie."

"Liache," Alinanuswe alimwambia Zakia. "Andika lote. Wala nyumbani, hilo pia."

Zakia alimtazama kidogo, kisha akaandika. Aya ya tisa.

"Nilidhani umeniacha," alisema Amoni. "Mtu akidhani ameachwa anasema chochote."

"Ndiyo."

"Ungekuwa wewe ungesema."

"Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye tope, Amoni. Sikusema kitu."

Amoni alipitisha vidole chini ya wavu, vinne, mpaka pale vilipokwama. Nusu saa iliyopita Alinanuswe angeviwahi. Sasa alivitazama vikiwa pale mezani, karibu na mkono wake, na mkono wake ukabaki ulipokuwa. Haukuwa mgumu kuuzuia, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nikisaini, Ackson ataingia humu," alisema Amoni.

"Hilo ni la polisi," alisema Zakia.

"Na baba atasimamishwa aulizwe."

"Nitamuuliza mimi."

"Alina, unasemaje? Ni watu wetu."

"Ni watu wako. Ezron alirudisha ng'ombe jana."

Vidole vilirudi upande wao. "Umeniacha kweli, basi."

Jibu lilikuwepo. Alikuwa amelifanyia mazoezi njiani kutoka Kinyala, midomo ikitikisika, hata mama mmoja mwenye ndoo ya maparachichi akadhani anasali: nimetoka kwenu ili niweze kuingia kwa ajili yako, ukitoka uje, mama amekubali, njoo na wale wale wawili. Lilikuwa tayari, neno kwa neno. Alilitazama kama mtu anavyotazama chakula alichokipika mchana kutwa kisha akafika mezani hana njaa.

"Nimerudisha ili niweze kuingia mahakamani na yeye akiwa ameketi," alisema. "Jumatatu nitaingia."

"Na baada ya Jumatatu?"

"Jaji ndiye anayejua."

"Simuulizi jaji. Nikitoka, niende wapi?"

Askari alikohoa. "Dakika tano, wakili."

Amoni aliinama mpaka paji lake likagusa wavu. Hakuwa mtu wa kuomba. Katika miezi ile minane hakuwahi kuomba hata chumvi, aliinyooshea tu kidole. "Nikuulize tena. Nikitoka, nikija Kinyala, utanifungulia?"

Alinanuswe aliona machoni pake lile alilolifuata huku miaka yote hiyo, siku za wageni alizorudishwa, ugali wa Veronika alioula kwa masimango. Lilikuwa pale, zima, lake. Amoni alikuwa anampenda. Pengine hakuwahi kuacha kumpenda, hata dakika zile kumi. Hilo halikubadilisha kitu.

"Saini kwanza," alisema.

"Nikisaini utanijibu?"

"Usisaini kwa ajili ya jibu langu. Saini kwa sababu ni kweli."

Zakia alipitisha rasimu chini ya wavu. Amoni aliisoma yote, polepole, midomo ikisogea. Alipofika aya ya tisa alisimama mahali hapo muda mrefu, kisha akaweka sahihi kila ukurasa, akikubali yaliyoandikwa juu ya baba yake, juu ya ndugu yake, na juu ya neno lake mwenyewe. Zakia akamweleza kwamba kamishna wa viapo atafika saa nane kumwapisha. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, lakini macho hayakumwacha Alinanuswe.

"Nimesaini, Alina."

"Nimeona."

"Basi?"

Alinanuswe alisimama na kujifunga kitenge vizuri. "Jumatatu nitasema ulikuwa wapi saa tisa. Nitasema nani alichukua ufunguo. Sitapunguza neno, hata akinitazama."

"Si hilo nililouliza."

"Najua ulichouliza," alisema, na kwa kuwa hakutaka kusema uongo, na ukweli alikuwa bado hajauzoea, akamwacha pale mezani na kumfuata wakili.

* * *

Nje mvua ilikuwa imekuwa manyunyu, na Mlima Rungwe haukuonekana. Walitembea mpaka walipovuka geti. Zakia ndiye aliyeanza kusema.

"Hukumwambia habari ya mama yako."

"Hapana."

"Aliuliza mara mbili. Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo nilipoingia."

Zakia alifikiria jambo hilo kama alivyofikiria mengine, kwa kulipima. "Aya ya pili ya kiapo chake inasema, 'shahidi huyo ni mke wangu.' Jumatatu, swali langu la kwanza kwako litakuwa uhusiano wako na mrufani. Nakukumbusha kwamba kisheria bado ni mume wako. Sitaibadilisha."

"Usiibadilishe."

"Utaweza kujibu hivyo?"

"Aya ya pili anasema mke wangu, aya ya tisa anasema simtaki. Zote ni zake na zote ni kweli." Alinanuswe alipangusa maji usoni, ya mvua. "Ziache zote mbili, jaji azisome. Mimi nitajibu ya aya ya pili kwa sababu inamtoa gerezani."

Kisha akaagana na wakili kwa kumpa mkono, akashuka mteremko kuelekea magari ya Kinyala, uso wazi, katikati ya barabara.